Mwaka Ambao Kamerun Hawakufungwa

Mimi mpira siupendi, niseme mapema ili tusipotezeane wakati. Watu wazima, wenye wake na watoto, wanafukuzana na ngozi iliyojazwa upepo, na wengine wamekaa kando wanapiga kelele mpaka sauti zinakauka. Hiyo nimeshindwa kuielewa tangu nilipoolewa. Niliolewa na Ephantus Mbuthia, mwanamume wa kanisa na wa duka, hana neno baya na mtu, lakini mpira ukianza redioni hata umwambie nyumba inaungua atakuambia ngoja kidogo. Kwa hivyo nikikuambia hii ni habari ya mpira, ujue naisema shingo upande. Hasa ni habari ya jirani yetu Hawo.

Duka letu lilikuwa hapa Isiolo, kwenye barabara ya kuteremka soko la mifugo. Sisi tulitoka Nyeri tukiwa hatuna mbele wala nyuma, na mtu wa kwanza kuniletea maziwa bila kuniuliza mimi ni nani alikuwa Hawo. Alizaliwa upande wa Kinna, huko karibu na Rapsu, kwa watu waliokuwa na ng'ombe wengi. Halafu ukaja ule wakati mbaya wa shifta, wa vita vya huku kaskazini. Mifugo ikaisha, mumewe naye akafa, na Hawo akaingia mjini na mtoto mmoja mgongoni na vyombo viwili vya maziwa, vile vya kusukwa vya Kiborana vinavyonukia moshi. Kila asubuhi alipitia mlango wetu wa nyuma, na maziwa yake sikuyaona yakiwa na maji hata siku moja, na mimi ni mtu wa kuangalia.

Kiswahili chake alikiokota sokoni, kipande hapa kipande pale, na alikisema bila aibu. Mtu, ng'ombe na sufuria, kwake vyote vilikuwa "hii". Siwezi kumcheka sana, kwa sababu mimi mwenyewe nilipofika hapa nilikuwa nawaambia wateja nimechoka nataka kurara, nao wakavunjika mbavu. Hakuna mtu Isiolo aliyezaliwa na Kiswahili. Kila mmoja alikuja nacho amekishika anavyoweza, na pale kaunta tukawa tunabadilishana.

Mtoto wake ni Umuro, huyo mmoja tu. Alikuwa na mikono mirefu tangu utotoni. Jioni mbuzi wachache wa mama yake wakirudi, kazi yake ilikuwa kusimama kwenye mlango wa zizi la watoto wa mbuzi, maana wale wadogo wakisikia mama zao wanatoka mbio wote pamoja, na wakipita kabla ya kukamua hakuna maziwa ya kuuza. Umuro alikuwa anawadaka. Mmoja huku, mwingine kule, mwingine katikati ya miguu. Ephantus alimwona siku moja, akarudi nyumbani akaniambia ameona golikipa. Nikamwambia umeona mtoto wa watu akifanya kazi ya mama yake. Hakunisikia. Akampeleka uwanjani, na Umuro akakua akisimama kwenye milingoti badala ya mlangoni mwa zizi. Alipomaliza shule, watu wa jeshi la ndege walikuja kuandika vijana, wakamchukua, wakampeleka kambi ya Nanyuki. Kazi yake ilikuwa ya stoo, kupanga blanketi na viatu, lakini Ephantus aliapa kwamba walimchukua kwa ajili ya ile mikono.

Hawo alielewa hivi: mtoto wake analipwa na serikali kusimama kwenye mlango wa zizi. Hakuona ajabu. Kwao hiyo ni kazi.

Sasa njoo kwa neno lililoleta haya yote. Mwaka wa themanini na mbili, kabla ya mvua kuisha, Godana alipita dukani. Godana ni binamu ya marehemu mume wa Hawo, alikuwa anapeleka mbuzi Nanyuki na Meru, na habari zote za Umuro zilikuja naye. Ni mtu wa maneno machache, kama anayalipia. Alimkuta Hawo ananipimia maziwa, akamsalimu salaam aleikum, akasema, "Umuro amefungwa. Tena tatu." Akavuka barabara kwenda kunywa chai.

Mimi nilikuwa nyuma nikitafuta chombo, sikusikia vizuri. Nilipotoka Hawo alikuwa ameshikilia kaunta. Hakuniambia kitu. Alifunika maziwa, akaniachia yote, akaenda. Nilidhani ni tumbo. Kumbe amekwenda nyumbani kuchukua blanketi na nyama ya kukaushwa, akapanda lori la kwenda Nanyuki, yeye ambaye lori humfanya atapike njia nzima, kwenda kumtafuta mtoto wake aliyefungwa. Tatu aliifikiria ni miaka. Alituambia baadaye kwamba njiani aliomba iwe miezi.

Kufika kwenye geti la kambi akamwambia askari kwamba kijana yake amefungwa hapa. Askari akauliza kijana gani, akamtajia Umuro. Yule askari, shetani mkubwa, akacheka. Akamwambia ni kweli mama, amefungwa vibaya sana. Hawo akauliza kama kweli ni tatu. Askari akasema ni tatu, na ya nne refa alikataa. Hawo akamshukuru sana huyo refa, akamwombea Mungu ampe maisha marefu, akauliza kama anaweza kumwona. Hapo askari alianguka chini kwa kicheko, bunduki na yeye.

Walipomleta Umuro, nusu ya kambi ilikuwa inakuja nyuma yake kuona mama aliyeleta blanketi ya jela kwa golikipa. Nilimwambia Hawo ningekuwa mimi ningewachapa wote na hiyo blanketi. Yeye alisema alifurahi tu kumwona anatembea. Lakini Umuro aliona aibu, na mtoto akiona aibu huongea haraka. Alimshika mama yake bega akamwambia maneno ambayo Hawo alituletea dukani vilevile, neno kwa neno: "Mama, siku ingine ukisikia nimefungwa, usitoke nyumbani. Uliza tu mangapi, halafu ucheke."

Basi Ephantus akamkalisha Hawo kwenye gunia la maharagwe, akamfundisha. Akapanga vifuniko vya soda kwenye kaunta, hawa ni hawa na wale ni wale. Akamweleza kwamba kuna kufungwa kwa jela na kuna kufungwa kwa mpira. Anayefunga ndiye mshindi, anayefungwa ndiye anayeumia, na kama wote wamefungana ni sare. Hawo akauliza kama sare si ile nguo ya askari. Ephantus akasema ndiyo, lakini hapana. Nikaona jasho linamtoka mume wangu, nikaenda kuchemsha chai yangu.

Mwezi wa sita Kombe la Dunia likaanza huko Spain, na duka langu likawa si duka. Ephantus aliweka redio juu ya magunia ya sukari, wanaume wakajaa mpaka mteja wa chumvi anapaswa kuombewa njia. Hawo naye alikuwa anakuja na kukaa mlangoni. Sasa alijua hiyo ndiyo kazi ya mtoto wake, alitaka kujua wenzake duniani wanaifanyaje. Wote walikuwa upande wa Kamerun, na Algeria, kwa sababu ni Afrika. Kamerun walicheza mara ya kwanza, hawakufunga, hawakufungwa. Wakacheza ya pili, vilevile. Hawo akauliza kwa hivyo walikuwa wanafanya nini muda wote huo. Nilimpigia makofi, kwa sababu hilo ndilo swali langu la miaka yote.

Mara ya tatu walikutana na Italia, na Ramadhani ilikuwa imeanza tu. Jua lilizama, adhana ikatoka, Waislamu waliokuwa dukani wakafungua kwa tende na maji palepale, masikio yakiwa redioni. Halafu Italia wakafunga, watu wakashika vichwa, na hata hawajashusha mikono, redio ikapiga kelele: Kamerun wamefunga! Ephantus aliruka, akapiga kichwa kwenye rafu, mishumaa ikamwagika. Hawo alikuwa anaingia na tende mkononi. Alisimama akauliza kwa mshangao kama hii watu wa Kamerun ni Islamu, na kama wanafunga, mbona hawafungui na adhana imetoka.

Haki ya Mungu, sijawahi kuona wanaume wazima wakilia kwa kicheko namna hiyo. Hakuna aliyemjibu. Kwa hivyo alibaki akiamini kwamba Kamerun wanafunga, akawapenda kuanzia siku hiyo, na alikuwa akiwaombea pamoja na Umuro.

Asubuhi yake nilimkuta Ephantus amekaa kama mtu aliyefiwa. Kamerun wametolewa. Nikauliza si walifunga? Walifunga. Walifungwa? Hawakufungwa na mtu, walitoka sare na wote watatu. Na Italia? Nao walitoka sare na wote watatu. Sasa mbona Italia wanaendelea na Kamerun wanarudi? Akaniambia Italia wana mabao mawili na Kamerun wana moja. Nikamwambia hiyo ni wizi. Akasema si wizi, ni sheria. Nikamwambia basi sheria ndiyo mwizi, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu tukagombana kwa ajili ya mpira.

Hawo akaingia na maziwa akatukuta hivyo. Akauliza nini mbaya. Ephantus akamwambia Kamerun wametolewa na hawakufungwa hata mara moja. Hawo alifikiri, akauliza sasa wanakwenda wapi. Ephantus akasema kwa uchungu wanarudi nyumbani.

"Si ni vizuri?" Hawo akasema. "Mtu hajafungwa, anarudi nyumbani."

Ephantus alicheka mpaka akashika kaunta. Akawaita wenzake wa kinyozi na wa bucha waje wasikie, na Hawo akarudia, na wao wakacheka, naye akacheka pia kwa sababu alipenda watu wakifurahi. Kwa wiki nzima ukipita Isiolo ulikuwa unasikia mtu anamwambia mwenzake, mtu hajafungwa anarudi nyumbani. Mimi nilicheka siku ya kwanza. Siku ya pili nikaanza kujiuliza ni nani kati yetu aliyekuwa amechanganyikiwa.

Halafu Algeria. Hao walishinda mara mbili, tena Wajerumani walikuwa mmoja wa waliopigwa, na wao pia wakatolewa, kwa sababu Wajerumani na Waaustria walicheza mwisho wakapigiana mpira polepole mpaka muda ukaisha, matokeo yakiwafaa wote wawili. Hapo Godana, mtu wa maneno machache, aliongea kuliko nilivyowahi kumsikia. Alisema hiyo anaijua. Alisema huko sokoni madalali wawili wanashikana mikono chini ya shuka, wanabonyezana vidole wakipatana bei, na wewe mwenye ng'ombe umesimama hapo na fimbo yako huoni kitu, unasikia tu imeuzwa. Na mwishoni kabisa, kombe lilichukuliwa na nani? Na haohao Italia walioanza bila kumshinda mtu. Nilimwambia Ephantus anieleze. Akasema mpira ni hivyo.

Umuro alikuwa ameahidi kuja Idi. Hawo alinunua kanzu mpya, akanunua na kofia. Idi ikafika, Godana akaleta ujumbe kwamba kijana hakupata ruhusa, atakuja Agosti. Hawo akaikunja kanzu akaiweka kwenye sanduku. Maziwa ya mjini yalikuwa yamepungua, kwa hivyo akaenda Gotu kwa kaka yake, kukaa na ng'ombe kidogo, arudi kabla ya Umuro kufika.

Agosti ikaingia siku ya Jumapili. Sisi tulikuwa tunajitayarisha kwenda kanisani, na redio ikawa inapiga nyimbo na kusema serikali imepinduliwa. Tulikaa. Hatukujua tuvue nguo za kanisa au tubaki nazo. Baadaye redio ileile ikasema serikali haijapinduliwa. Nilimwangalia Ephantus, mtu aliyeweza kunieleza kwa nini asiyeshindwa anatolewa, anieleze na hili. Alifunika redio na kitambaa cha meza.

Ikaanza kuja minong'ono. Ati ni watu wa jeshi la ndege. Ati wanakusanywa wote, aliyebeba bunduki na aliyekuwa amelala, rubani na mpishi. Nanyuki, Nairobi, kila mahali. Nilimuuliza Ephantus, na wa stoo? Na anayepanga viatu? Akaniambia nipunguze sauti. Tukawa tunajiuliza nani atakwenda Gotu kumwambia Hawo, na tutamwambia nini, maana hatukujua kitu. Mimi nilisema aende yeye, yeye akasema tungoje tujue kwanza. Tukangoja. Ningetamani kusema tulikuwa na sababu nzuri, lakini ilikuwa ni woga mtupu, wa mji mzima.

Hawo akarudi mwenyewe. Siku hiyo duka lilikuwa na watu, na wawili kati yao walikuwa wanaume ambao sikuwajua, wananunua sigara na hawana haraka ya kuondoka. Godana alikuwa amefika kutoka Nanyuki bila mbuzi na bila pesa ya mbuzi, amesimama kwenye kona. Hawo akaingia amechomwa na jua, amenona kidogo kwa maziwa ya Gotu, akasalimu kila mtu, akamuuliza Godana habari za kijana. Godana aliwaangalia wale wawili. Halafu akaangalia chini.

"Umuro amefungwa," akasema.

Na Hawo akacheka. Alicheka vizuri, kwa sauti, kama alivyoambiwa.

"Mangapi?" akauliza.

Aliniangalia mimi, akamwangalia Ephantus, akamwangalia kinyozi. Alidhani labda ameuliza vibaya, kwa hivyo akarudia polepole, mangapi. Kicheko kilikuwa bado usoni, hakijajua kiende wapi. Nilitaka kumwambia, na nikatafuta neno lingine la Kiswahili, na wallahi, mimi Mkristo naapa hivyo kwa sababu ndivyo tulivyozoea hapa, sikulipata. Kila neno lililokuja lilikuwa ni hilohilo. Wale wawili wakalipa sigara, wakatoka. Ndipo Godana akamwambia kwa Kiborana, neno moja tu. Kiborana changu ni kidogo, lakini hilo nalijua, ni neno wanalotumia kwa ndama na kamba. Kwa Kiborana neno hilo halina mpira ndani yake.

Mpaka leo sijui kwa nini Godana alisema kwanza kwa Kiswahili. Labda ni mazoea ya dukani. Labda aliwaogopa wale wawili, akachagua neno ambalo mtu akimuuliza anaweza kusema alikuwa anazungumzia mabao. Nilimuuliza mara moja, akaniambia na yeye hajui.

Hawo hakulia mbele yetu. Alikaa kwenye gunia la maharagwe, lile la masomo, akatuuliza kitu kilichonikata maini. Alisema Umuro alimwambia akisikia amefungwa asitoke nyumbani. Sasa hii ni ile ya kutotoka, au ni ya kutoka? Alitaka sisi tumwambie. Mimi nikasema, "Mama Umuro, hii ni ya kutoka."

Akapanda lori tena, na blanketi ileile. Kwenye geti hapakuwa na yule askari wa kucheka. Alikuwepo mwingine, mgeni, aliyemwambia hapa hakuna mtu wa jina hilo na aondoke. Alikaa ng'ambo ya barabara mpaka jua likaingia, akiangalia mlango, maana yeye ni mtu wa kujua milango. Halafu akarudi, na blanketi akarudi nayo.

Miezi ikaenda. Huyu alisema Umuro yuko Nairobi, yule akasema Naivasha, mwingine akaapa amemwona Garissa akiuza mitumba. Hawo alikwenda ofisi moja hadi nyingine, akitumwa hapa, akitumwa pale, na kila alipouliza kama kijana ana kesi, walimwambia hajapelekwa kortini bado. Akaja kumuuliza Ephantus maana yake nini. Ephantus, taratibu sana, akamweleza kwamba mtu anafungwa na hakimu. Kama hakuna hakimu, kisheria mtu hajafungwa, amewekwa tu.

Hawo akasema, "Basi bado hajafungwa."

Ephantus akasema ndiyo, bado.

"Basi anarudi nyumbani."

Nilimfinya mume wangu paja chini ya kaunta asije akaeleza zaidi. Kuanzia hapo Hawo alikuwa akisema hivyo karibu kila asubuhi akinipimia maziwa, hajafungwa, anarudi, kama mtu anayesoma dua. Wale wa kinyozi na bucha waliokuwa wakicheka hilo neno, sasa wakimsikia walikuwa wanaangalia kando. Mimi nilikasirika sana mwaka huo. Nilimkasirikia Godana, redio, Wajerumani, kila mtu. Nilikuwa nageuka usiku kitandani nikimwambia Ephantus kwamba Kamerun nao hawakufungwa, na nani alijali?

Mpira ukaisha dukani kwetu. Redio iliwashwa kwa habari tu, na kwa habari iliwashwa kwa sauti ndogo.

Ramadhani ikazunguka ikarudi. Jioni moja nilikuwa napanga mikate, akaingia mwanamume amevaa koti la mtu mwingine, mikono imepita mikono ya koti. Ni hiyo mikono niliyoitambua, uso ulichelewa. Akasema, "Habari, Mama Keziah," Keziah ni binti yangu, ndivyo wanavyoniita. Nikafanya ninachojua, nikamimina chai, nikamsukumia na mkate.

"Asante, nimefunga," akasema.

Mungu anisamehe, nilisimama na birika mkononi nikijiuliza amemfunga nani. Mwaka ule ulikuwa umenichanganya kiasi hicho. Halafu nikakumbuka ni Ramadhani, na kijana wa watu anakataa chai kwa sababu ya Mungu wake, na huko alikotoka aliendelea kuhesabu mwezi. Ephantus alitoka nyuma ya kaunta akamshika, mtu mzima na ndevu zake, akamshika kama mtoto.

Hawo hakuitwa. Alikuja kwa sababu ni saa yake ya kuleta maziwa ya kufungulia. Aliingia, akaona. Alifanya kitu ambacho mimi nisingeweza: aliweka chombo chini kwanza, akakifunika, akahakikisha kimesimama vizuri. Halafu akamwendea, akamshika uso, akamgeuza huku na huku kama anavyokagua mnyama aliyepotea akarudi. Wao wawili siku zote huzungumza Kiborana. Lakini Hawo aliuliza kwa Kiswahili, neno lile lile ambalo miezi hiyo yote hakulitamka kumhusu mwanawe ila kwa kulikataa.

"Ulifungwa?"

Umuro naye akajibu kwa Kiswahili. Labda kwa mwaka mzima hakuwa na wa kuzungumza naye kingine.

"Sikufungwa, Mama. Hakuna korti, hakuna kesi, hakuna mtu aliyeniambia nilikosa nini. Nimetolewa tu."

Kutolewa. Alitolewa mle ndani, na alitolewa kazini pia, amemwaga unga, sare imebaki, stoo imebaki, milingoti imebaki. Nililielewa neno hilo lote kwa mara moja, mimi nisiyependa mpira, na nikaona Ephantus naye amelielewa, kwa sababu aliketi.

Hawo alimgeukia mume wangu.

"Mbuthia," akasema, "si nilikuambia? Mtu hajafungwa, anarudi nyumbani."

Dukani kulikuwa na watu. Kinyozi alikuwepo, wa bucha alikuwepo, wale wote waliocheka mwaka uliotangulia walikuwepo, na hakuna aliyecheka. Ephantus alimwambia ndiyo, Mama Umuro, ulisema. Akanyoosha mkono kuzima redio, na redio haikuwa imewashwa.

Hapo ndipo Hawo alipolia, kidogo, kwa hasira, akijifuta na ncha ya shuka. Kisha akasema adhana iko karibu na kuna kanzu mpya nyumbani kwenye sanduku. Akabeba maziwa yake mkono mmoja, na mkono mwingine akashika mkono wa lile koti la mtu mwingine, hakuuachilia hata mlangoni ambapo ilibidi wapite kwa upande, wakavuka barabara kwenda kufungua.